Andaa Kinywa Kabla ya Kufungua Chupa



Somo la toleo hili linaweza kusemwa kwa sentensi moja: kinywa ni kipimo, na kipimo kichafu hutoa jibu la uongo. Ukiwa maabara huwezi kupima unga kwenye mizani iliyojaa vumbi halafu ukaulaumu unga. Lakini kwenye mvinyo tunafanya hivyo kila wiki, tena hapahapa Dodoma, mkoa ambao jina lake likitajwa watu wanawaza zabibu.

Chukua Jumamosi ya kawaida kwenye mnada wa Msalato. Mimi naishi Msalato, kwa hiyo sihadithiwi. Washkaji wanashuka kwenye daladala saa saba mchana, jua la utosi. Moshi wa nyama choma umetanda kila upande. Inakuja sinia ya mbuzi, kachumbari, ndimu, chumvi pembeni na pilipili ya kutoa machozi. Katikati ya hayo mmoja anaagiza chupa ya mvinyo wa Dodoma iliyoshinda kwenye kreti juani. Inamiminwa kwenye vikombe vya plastiki, watu wanapiga funda moja, na hukumu inatoka hapohapo: "Aah, hii chachu bwana. Waini ni ya Sauzi."

Hukumu hiyo ina gharama, na anayeilipa hayupo pale mezani. Ndiyo maana nimeandika somo hili. Sina nia ya kumfundisha mtu kunywa. Anayekunywa anajua, na asiyekunywa nina neno naye mwishoni, pamoja na namna ya kulifuata somo lote bila kugusa kilevi. Nia yangu ni tujifunze kuonja kwa haki, hasa pale unapokuwa na chupa moja tu ya maana na huna ya pili ya kujaribia.

Zabibu hizi ni za nani?

Zabibu zilifika Dodoma kwa mikono ya wamisionari wa Kikatoliki, na kila historia hiyo inaposimuliwa, misheni ya Bihawana haikosi kutajwa. Kanisa lilihitaji divai ya misa. Kutoka bustani za misheni zao hilo likahamia kwa wanakijiji, na leo ukienda Hombolo, Mpunguzi, Mbabala au Makutupora utakuta mashamba ya wakulima wadogo. Pale Makutupora kuna kituo cha utafiti wa kilimo kinachoshughulikia zabibu, na aina yetu nyekundu maarufu inaitwa kwa jina hilohilo, Makutupora. Kwa mvinyo mweupe inatumika sana Chenin Blanc. Wapo pia wanaolima Syrah na Cabernet Sauvignon.

Kinachotutofautisha na Ufaransa au Italia ni kalenda. Kule mzabibu hulala wakati wa baridi, kwa hiyo mavuno ni mara moja kwa mwaka. Huku kwetu hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima ndiye anayeupangia ratiba kwa kupogoa matawi, na kwa njia hiyo Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka: kuelekea Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Mavuno ya wakati wa mvua hunywa maji mengi. Mavuno ya kiangazi hupata jua kavu, na sukari yake hupanda. Ndiyo maana hata chupa mbili za shamba moja zinaweza kutofautiana.

Mavuno mara mbili maana yake pia ni hofu mara mbili. Zabibu ya mvinyo ikiiva haisubiri. Imetokea misimu ambayo soko limegoma na zabibu zikaozea shambani, mkulima akiangalia. Kiwanda kinanunua kadiri kinavyouza, kinauza kadiri sisi tunavyonunua, na sisi tunanunua kwa kufuata maneno kama yale ya mnadani.

Baba yangu mdogo ana ekari moja na nusu upande wa Hombolo. Tangu nikiwa shule ya msingi namwona anahesabu kreti na kilo. Nilipopata nafasi ya chuo alinipa chupa moja ya mvinyo mwekundu, akaniambia nisiifungue mpaka siku nitakapomaliza. "Mwanangu," akasema, "humo ndani kuna zabibu zangu, na za majirani. Mimi nikinywa naona tu mdomo umekauka. Wewe ndiye msomi. Siku ukiifungua, uje uniambie ina ladha gani."

"Nitakuambia, baba," nikamjibu.

Mtu amelima miaka yote hiyo anauliza swali la haki kabisa, na ukilitazama vizuri utaona ni swali gumu. Chupa ni moja. Nikiifungua siku ya mahafali, katikati ya pilau, soda na keki, nitakuwa na jibu gani la kumpelekea? Hayo ninayoyaandika hapa ni maandalizi yangu mwenyewe. Nimeona tushirikiane.

Kinywa kinavyofanya kazi

Kwanza tufute kitu ambacho wengi tulichorewa ubaoni: ile ramani ya ulimi, utamu mbele, uchungu nyuma, uchachu pembeni. Ramani hiyo inatokana na kazi ya Mjerumani D. P. Hänig ya mwaka 1901, ambaye aliona tofauti ndogo tu kati ya sehemu moja ya ulimi na nyingine. Mwaka 1942 mwanasaikolojia wa Marekani, Edwin Boring, aliichora upya kwa namna iliyofanya tofauti hizo zionekane kubwa, na vitabu vya shule vikaibeba hivyo. Ukweli ni kwamba sehemu zote za ulimi zenye vinundu vya kuonjea hutambua ladha zote tano: tamu, chachu, chumvi, chungu, na ile ya supu ya nyama au dagaa, ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908. Kwa hiyo ukionja kitu, kizungushe mdomo mzima. Usikiguse kwa ncha ya ulimi ukadhani umemaliza.

Pili, sehemu kubwa ya tunachokiita ladha inatoka puani. Jaribu leo: bana pua, tafuna kipande cha embe, halafu kipande cha papai. Utapata utamu, basi. Achia pua, ndipo embe linakuwa embe. Harufu hupanda kwa njia ya nyuma, kutoka kooni kwenda puani. Ndiyo maana ukiwa na mafua msosi unakuwa kama karatasi, na wengi waliougua UVIKO-19 walilijua hilo kwa vitendo. Linda Buck na Richard Axel walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya harufu. Binadamu ana takriban aina 400 za vipokezi hivyo. Linganisha na ladha tano za ulimi, utaona kazi kubwa inafanyika wapi.

Tatu, kuna hisia ambazo si ladha wala harufu, ni mguso. Hapa Kiswahili kinatubeba. Ukitafuna ndizi mbichi, au ukinywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, mdomo unakauka na kukwaruza. Sisi tunaita ukakasi, na neno hilo linatosha kabisa. Kwenye mvinyo mwekundu ukakasi unaletwa na tanini, zinazotoka kwenye maganda na mbegu za zabibu. Tanini hukamatana na protini za mate, mate yakapoteza utelezi wake. Baba mdogo anaposema "mdomo umekauka" amesema jambo sahihi kisayansi, hata kama yeye anadhani hajasema kitu.

Pilipili nayo ni mguso. Kemikali yake, kapsaisini, huchokoza kipokezi cha neva kilekile kinachotambua joto la moto. Pombe nayo hukichokoza kipokezi hichohicho. Viweke viwili hivyo mdomo mmoja, na mvinyo wa kawaida utawaka kama gongo. Hapo si mvinyo umebadilika. Kilichobadilika ni wewe.

Wanaodanganya kinywa

Sasa tuwataje mmoja mmoja, maana ukishawajua unawakwepa.

Dawa ya meno. Kiungo kinachotoa povu kwenye dawa nyingi za meno hupunguza uwezo wa ulimi kuhisi utamu na kuacha uchungu ujitokeze. Kila aliyewahi kunywa juisi ya chungwa mara baada ya kupiga mswaki anajua ninachosema. Piga mswaki mapema, angalau saa nzima kabla.

Sukari. Ukitoka kwenye soda au keki kwenda kwenye mvinyo mkavu, mvinyo utaonekana mchachu kuliko ulivyo. Hii ndiyo inayotuumiza wengi, maana sisi ni watu wa soda.

Ndimu na ukwaju. Hawa wanafanya kinyume. Baada ya uchachu mkali, kinachofuata huonekana kitamu au kimepooza.

Kahawa na sigara. Zinaacha uchungu mdomoni na harufu nzito puani, na hazitoki kwa maji ya funda moja.

Moshi, udi na marashi. Pua huzoea. Ukikaa kwenye moshi wa nyama choma dakika chache, unaacha kuusikia, lakini upo, na harufu nyororo hazipiti. Marashi ya jirani yako nayo yanaingia kwenye glasi yako.

Joto. Mvinyo ukiwa wa moto, pombe inatangulia puani na kufunika mengine. Ukiwa wa baridi ya barafu, harufu zinalala na ukakasi unazidi.

Chupa iliyokaa wazi. Mvinyo ukikutana na hewa siku kadhaa, bakteria huanza kuugeuza kuwa siki. Hiyo "chachu" unayouziwa glasi moja moja kwenye baa inaweza kuwa chupa iliyofunguliwa wiki iliyopita. Mkulima na kiwanda hawahusiki hapo.

Mazoezi ya wiki moja kabla

Mchezaji hapigi penalti ya fainali bila kufanya mazoezi. Wiki moja kabla ya chupa yako, fundisha ulimi kutofautisha. Gharama ni ndogo, hata bumu likiwa halijatoka.

Tafuta vikombe vitano na maji safi. Kikombe cha kwanza weka sukari kidogo. Cha pili weka maji ya ukwaju uliochujwa, bila sukari. Cha tatu chumvi kidogo. Cha nne kahawa nyeusi isiyo na sukari. Cha tano chai ya rangi uliyoiacha majani yake ndani dakika kumi na tano, ikapoa. Vyote viwe vyepesi kiasi kwamba ladha inasikika kwa mbali. Mwambie mwenzako wa chumba avipange bila wewe kuona, uonje na kutaja. Kati ya kikombe na kikombe, sukutua kwa maji na utafune kipande cha mkate mkavu.

Utagundua mambo mawili. La kwanza, watu wengi huchanganya uchungu na ukakasi. Kahawa ni chungu, inakaa ulimini. Chai iliyozidi inakwaruza mashavu na ufizi. Ukishavitenganisha hivyo viwili, nusu ya malalamiko yako juu ya mvinyo mwekundu utakuwa umeyaelewa.

La pili linahusu ukwaju. Asidi inayoupa ukwaju ugwadu wake ni tartariki, na hiyohiyo ndiyo asidi kuu ya zabibu. Sikiliza unavyofanya: unakamua mate pembeni mwa mdomo, halafu unaondoka ukiacha hamu. Uchachu wa namna hiyo kwenye mvinyo ni afya, ndio unaousimamisha. Uchachu wa siki ni mwingine, unachoma puani kabla hata hujanywa. Mtu wa Dodoma aliyekulia kwenye ukwaju na ubuyu hana sababu ya kuogopa uchachu. Anachohitaji ni kutofautisha uchachu na uchachu.

Wakati huohuo jikusanyie maneno. Vitabu vya mvinyo vimejaa matunda ya Ulaya ambayo wengi wetu hatujawahi kuyatia mdomoni, na kuyataja bila kuyajua ni kujidanganya. Sisi tuna zambarau, ubuyu, ukwaju, pera, embe bichi, ganda la chungwa, asali, karafuu, iliki, tumbaku, ngozi mpya ya viatu, na ile harufu ya udongo mvua ya kwanza ikigusa vumbi la Dodoma. Pita sokoni Majengo, nusa. Anayeweza kutofautisha iliki na karafuu akiwa amefumba macho ana pua ya kutosha.

Siku yenyewe

Siku moja kabla, simamisha chupa wima mahali penye kivuli ili mashapo, kama yapo, yatue chini. Usiiweke juu ya kabati chini ya bati. Pale mchana ni tanuri.

Asubuhi ya siku hiyo kula kawaida, ila ondoa pilipili na vitunguu vibichi. Kunywa maji ya kutosha, maana mdomo mkavu hauna mate, na bila mate ladha haifiki kwenye vinundu vya kuonjea. Usijipulizie marashi. Kama umetoka sehemu yenye moshi, badilisha shati.

Masaa mawili kabla, kula chakula chepesi kisichokuwa na makelele: ugali na maziwa, wali mweupe, viazi vya kuchemsha, mkate. Usionje ukiwa na njaa kali, pombe itakupanda kabla hujaandika neno la kwanza. Na kama kwa bahati mbaya pilipili imekupitia, maziwa yatakusaidia kuliko maji, kwa sababu protini yake huiondoa kapsaisini mdomoni.

Kuhusu ubaridi, utasikia watu wanasema mvinyo mwekundu unywewe kwa "joto la chumba". Msemo huo ulizaliwa kwenye nyumba za Ulaya zenye baridi. Chumba cha hosteli Dodoma mwezi Oktoba ni kitu kingine kabisa. Mwekundu unataka nyuzi kama 15 mpaka 18, mweupe 8 mpaka 12. Kama huna friji, loanisha taulo, ifunge chupa, iweke penye upepo kivulini. Maji yakikauka yanaondoka na joto, kama mtungi wa bibi unavyopoza maji. Hewa yetu kavu inaifanya njia hii ifanye kazi vizuri.

Glasi iwe ya kioo, iliyooshwa na kusuuzwa mpaka harufu ya sabuni iishe. Inayobana juu kidogo ni bora, inashika harufu. Kikombe cha plastiki kina harufu yake, kiache mnadani.

Mezani

Kabla ya kumimina, sukutua kwa maji ya kawaida, tafuna kipande cha mkate usio na siagi, sukutua tena. Nenda dirishani uvute pumzi tatu. Hapo kipimo kiko tayari.

Mimina kidogo, theluthi ya glasi au chini ya hapo. Itazame rangi kwenye karatasi nyeupe. Nusa bila kutikisa, halafu zungusha glasi na unuse tena. Kama kuna harufu ya boksi lililolowa au gunia bichi, yawezekana kizibo kimeharibu mvinyo, na hapo usiuhukumu mkulima.

Funda la kwanza ni la kuosha. Liache lipite bila kulipa maksi, kwa sababu kinywa kimetoka kwenye maji na mkate na kitashtuka kwa chochote. Funda la pili lizungushe mdomo mzima, vuta hewa kidogo kupitia midomo ili harufu zipande puani, kisha tema au meza. Sasa jiulize kwa mpangilio: utamu upo? Uchachu ni wa ukwaju au wa siki? Ukakasi ni wa kukwaruza au wa kushika tu? Harufu gani imerudi kooni? Na ladha imekaa muda gani baada ya kumeza? Hesabu moja, mbili, tatu, mpaka iondoke.

Andika kabla hujaongea. Ukiongea kwanza, mwenye sauti kubwa mezani ndiye atakayeonja kwa niaba ya wote.

Ukakasi hujikusanya funda hadi funda, kwa hiyo pumzika dakika mbili tatu, maji na mkate, ndipo uendelee. Baada ya hapo leta chakula. Nyama yenye chumvi na mafuta hupunguza ukali wa tanini, na mvinyo mwekundu wa Makutupora na mbuzi choma asiye na pilipili vinaelewana. Sijasema tusile nyama Msalato. Nimesema mvinyo utangulie.

Ficha chupa

Hata kinywa kikiwa safi, kuna mdanganyifu mmoja amebaki, naye ni macho. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux, Ufaransa, walichapisha jaribio lililohusisha wanafunzi 54 wa somo la mvinyo. Waliwapa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na harufu wala ladha. Wanafunzi wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Na hao walikuwa wanasomea kitu hichohicho.

Mwaka 1976 jijini Paris, mfanyabiashara wa mvinyo Mwingereza Steven Spurrier aliwakalisha waamuzi wa Kifaransa waonje mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuona majina. Wakati ule California haikuwa na sifa hiyo. Chupa za California zikashika nafasi ya kwanza, nyekundu na nyeupe. Laiti majina yangeonekana, nadhani tunajua nani angeshinda.

Hapa ndipo ninapotaka kutufikisha. Mvinyo wa Dodoma hauhitaji huruma yetu. Ipo chupa mbaya, na baada ya kuandaa kinywa utaijua kuwa ni mbaya na utaweza kusema kwa nini: tamu kupita kiasi, imeanza kuwa siki, imepashwa moto njiani. Maneno hayo yana faida. Mtengenezaji anaweza kurekebisha kitu kinachotajwa. "Chachu bwana" hakuna anayeweza kuirekebisha. Na ipo chupa nzuri, ambayo kwa sasa tunaitupa kwenye kapu moja na mbaya kwa sababu tuliionja na pilipili mdomoni na jina la Sauzi kichwani.

Neno kwa wote

Kwa wenzangu ambao dini, afya au msimamo wenu hauruhusu: somo hili ni lenu pia. Fanyeni zoezi zima kwa juisi ya zabibu isiyo na sukari, juisi ya ukwaju, ubuyu au rozela. Ulimi ni uleule, pua ni ileile, na anayejua kuonja anapata kazi kwenye chai, kahawa, asali na mafuta ya alizeti. Tusiwabane wenzetu "onja tu kidogo". Meza ya kuonja iwe na glasi isiyo na kilevi, bila maswali.

Kwa mnaokunywa: chini ya miaka 18 hapana. Unayemeza dawa, muulize mfamasia kwanza. Mwenye bodaboda au ufunguo wa gari ateme kila funda, na kutema si dharau. Waonjaji wa kazi hutema kutwa nzima. Tusidanganyane pia kwamba mvinyo ni dawa. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka pombe kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1988. Chupa moja kwa watu sita, ikionjwa polepole, inatosha kufundisha kila kilichomo humu.

Zoezi

1. Fanya jaribio la vikombe vitano. Rudia baada ya siku tatu na ulinganishe majibu.

2. Kwenye kikundi cha watu wanne mpaka sita, changieni chupa mbili zenye bei inayokaribiana, moja ya Dodoma na moja ya nje, rangi moja. Mmoja asiyeonja azifunge kwa gazeti na kuzipa namba. Andaeni vinywa kama tulivyoeleza, onjeni, andikeni kimyakimya, ndipo mfungue gazeti.

3. Onjeni tena chupa hizohizo baada ya kula kachumbari yenye pilipili. Andikeni nini kimebadilika, na kwa nini, kwa kutumia somo hili.

4. Chagua mvinyo mmoja, au juisi moja, uueleze kwa sentensi tano ambazo mkulima wa Hombolo atazielewa bila kamusi. Usitumie tunda ambalo hujawahi kulila.

Swali la nne ndilo lenye maksi nyingi.